Mtungi wa Zabibu na Pua ya Bibi

Wakati wetu sisi, wenzangu mliokulia Nizwa miaka ile umeme ulipokuwa bado mgeni majumbani, mwaka tuliupima kwa pua. Kalenda ilikuwapo ukutani, lakini aliyeitazama ni baba peke yake. Mawaridi ya mlima wa Jabal Akhdar yakianza kuchemshwa na harufu yake kutufikia kwenye nguo za wauzaji sokoni, tulijua mitihani ya skuli imekaribia. Tende zikianza kulainika mitini, skuli imefungwa. Na zabibu zikiteremka kutoka mlimani, kwanza kwa punda na halafu kwa pikapu zilizojaa makapu mpaka juu, tulijua kwamba kwa wiki nzima tutaruhusiwa kuvaa nguo chakavu tangu asubuhi hadi jioni. Doa la zabibu nyeusi halitoki hata kwa sabuni ya kipande, na mama zetu walishachoka kujaribu.

Nakumbuka mikono yetu ilivyokuwa ya zambarau. Tulicheza mdako kwa kokwa za tende kwenye kivuli cha ukuta wa udongo, na kila aliyeguswa shavuni na mwenzake aliondoka na alama ya vidole. Tukichoka tulitia miguu kwenye falaji, maji yanayopita katika mfereji mtaani, baridi hata jua likiwa limesimama kichwani. Nyumbani kulikuwa na mkate wa kumimina, kahawa chungu, na sinia la tende lililofunikwa kawa. Hapana aliyekuwa na simu ya kutazama. Tulitazamana, tukagombana, tukapatana kabla ya adhana ya Magharibi.

Familia yetu ilitoka Unguja ikahamia Oman. Mimi nilikuja mdogo hata siikumbuki safari, lakini Bibi, mzaa mama yangu, alikuja mtu mzima na mazoea yake yote. Alikuja na mbuzi ya kukunia nazi katika mji usio na nazi. Alikuja na Kiswahili chake cha Mji Mkongwe, na Kiarabu cha msahafuni ambacho sokoni hakikumsaidia kununua hata vitunguu. Kwa hiyo mimi, niliyekuwa nikisoma darasa la nne, nilikuwa ulimi wake. Nilimfuata kila nyumba, naye akiniuliza kwa sauti ndogo, "Amesemaje huyu? Mbona anacheka?"

Aliyecheka sana alikuwa Umm Hamed, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mbuzi, ambaye hakuwahi kutoka nje ya Nizwa ila kwenda kuhiji. Alizungumza Kiarabu tu, na maneno yake humu nayaandika kwa Kiswahili kama nilivyokuwa nikimfasiria Bibi. Alimpenda Bibi tangu siku ya kwanza, lakini mapenzi yake yalikuwa ya kumshangaa, kama mtu anavyomshangaa ndege aliyetua uani kwake.

Sasa niwaeleze jambo la siki, maana vijana wa leo wanadhani siki inazaliwa ndani ya chupa ya plastiki.

Mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa na mtungi wake wa siki, mtungi wa udongo kutoka mji wa Bahla, umewekwa pembeni penye kivuli. Wengine walitia tende, wengine zabibu. Zabibu zilipondwa pamoja na maganda yake, zikamiminwa ndani, na juu yake likatiwa bakuli la siki ya mwaka uliopita pamoja na ule utando mzito unaoelea juu, unaofanana na ngozi ya maziwa yaliyopoa. Utando huo wao wanauita mama. Mama wa siki hupewa mtu kama mbegu. Ukishampata, humwachi afe. Baada ya siku arubaini hivi, siki iko tayari.

Na siki haikuwa kitu cha kuwekwa mezani tu. Siki ilikuwa ndiyo Idi yenyewe. Mnajua shuwa inavyopikwa: nyama hupakwa kitunguu saumu, bizari na siki, hufungwa ndani ya makuti, kila nyumba ikaweka alama yake juu ya furushi, na mafurushi yote ya mtaa yakatiwa katika shimo moja la moto na kufunikwa mpaka kesho yake au kesho kutwa. Shimo likifunguliwa, sahani zinazunguka nyumba kwa nyumba. Wanawake huonja, kisha husema. Wanawake wa mtaa wetu waliweza kuonja kipande kimoja wakakuambia kimepakwa siki ya mtungi gani.

Hapo ndipo palipomuuma Bibi. Idi mbili mfululizo alipaka nyama yetu kwa mkono wake, kwa bizari aliyoisaga mwenyewe, lakini siki alipewa na Umm Hamed. Na Idi zote mbili wanawake walionja sahani yetu wakasema, "Mashallah, nyama ya Umm Hamed hiyo."

Bibi alikusanya sahani. Alikuwa anakaa nyumbani kwa mkwewe, katika nchi ambayo watu walimwita Mzinjibari ijapokuwa babu zake wametoka humu humu, na hata nyama aliyoipika ilipewa jina la mtu mwingine. Usiku huo alimwambia mama yangu, nami nasikia: "Mwakani watakula nyama yangu kwa siki yangu. Na wakiuliza ya nani, utawajibu wewe, mimi nitakuwa nimekaa."

Basi mwaka wa tatu zabibu ziliposhuka, Bibi alikwenda sokoni mwenyewe, mimi nyuma yake. Alichagua nyeusi, ndogo, zenye ngozi nene, akizibonyeza moja moja mpaka muuzaji akalalamika. Umm Hamed alimletea bakuli la mama wa siki, amelifunika kwa kitambaa, akaketi kumwelekeza. Zikapondwa, zikamiminwa. Umm Hamed akafunga mdomo wa mtungi kwa kipande cha shashi chepesi na uzi.

"Usiuguse," alisema. "Siku arubaini. Idi ikikaribia ndipo ufungue."

Nikafasiri. Bibi akaitika, akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akarudi, akausimamia ule mtungi mikono kiunoni.

"Kitambaa?" alisema. "Hivi hivi, kama chungu cha maskini? Nzi, vumbi, mijusi ya ukutani! Mtu anatengeneza kitu cha kula halafu anakiacha mdomo wazi?"

Mnaelewa alikotoka. Unguja, kwa unyevu ule na sisimizi wale, achari isiyozibwa barabara haimalizi wiki. Bibi alisifika kwa achari yake ya maembe, na siri yake ilikuwa kuziba. Alidhani Umm Hamed amefunga kitambaa kwa kukosa kifuniko. Kwa hiyo alitafuta kifuniko cha udongo kilichokaa sawasawa, akakanda donge la unga wa ngano, akalizungushia pembeni mpaka hapana hata tundu la sindano. Alijifuta mikono, akanitazama kwa furaha. "Sasa hiyo ndiyo kazi ya mtu wa Mjini."

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Mama alizoea kuniambia, "We mtoto, maswali yako yatakuja kukutoa meno." Siku chache baada ya mtungi kuzibwa nilianza kuusikia. Mchana, watu wote wamelala kusubiri jua lipungue, nilikuwa peke yangu sakafuni na kokwa zangu za mdako, na pale pembeni mtungi unanong'ona. Tsss. Kimya. Tsss. Nikaweka sikio. Ndani mlikuwa na kitu kinatokota bila moto.

Mtu yeyote wa Nizwa atakwambia kuhusu Bahla na majini yake, na mtungi ule ulitoka Bahla. Nilimwambia binamu yangu kwamba tumefungia jini nyumbani. Akanicheka, lakini hakukubali kuja kusikiliza. Siku zikapita. Kila mchana nilikwenda kusikiliza, na kila siku sauti ilikuwa ndogo zaidi, mpaka siku moja ikawa kimya kabisa. Hapo nikashindwa. Woga haukuwapo tena. Nilitaka kujua tu amekwenda wapi. Nilichukua kisu cha kukatia vitunguu, nikabandua lile donge lililokauka, kipande baada ya kipande, nikainua kifuniko.

Pumzi ya mtungi ilinipiga usoni. Harufu tamu, nzito, yenye kuwasha puani, harufu niliyokuwa siijui kabisa. Nikapiga chafya. Kifuniko kikaniponyoka, kikavunjika sakafuni, na nyumba nzima ikaamka.

Bibi alitoka chumbani na kanga moja kichwani. Nilijua nitapigwa. Lakini hakunitazama. Alisimama katikati ya ukumbi, akanusa, akasogea hatua moja, akanusa tena. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyesikia anaitwa na sauti ya zamani.

Wakati huo alikuwa ameshaingia Ami Nasor, kaka yake baba, aliyekuwa akipita nje. Yeye hakuwahi kwenda Unguja. Alibaki Oman miaka yote ile wenzake walipovuka, na Kiswahili alijifunza kwetu. Na nyuma yake Umm Hamed, maana kitu kikivunjika kwetu alikisikia yeye kwanza.

Ami Nasor aliinama juu ya mtungi. "Zabibu zimeanza kuchacha," alisema. "Kawaida. Tafuteni kifuniko kingine."

Umm Hamed naye akanusa. "Kali kidogo. Itakuwa siki, inshallah."

Hapa nataka msimame na mimi kidogo, wenzangu. Watu wawili, wenyeji wa mji, wamenusa na wameridhika. Idi imebaki wiki tatu. Bibi angeweza kusema alhamdulillahi, akaufunika, na hadithi ingeishia hapo.

"Hapana," Bibi alisema. "Hii si siki. Hili tembo."

Ami Nasor hakulijua neno. Ikabidi baba yangu, aliyekuwa bado anafunga kikoi chake, amweleze kwa Kiarabu kwamba ni ulevi. Ami akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Halafu, polepole, akamgeukia Bibi, na nikaona kitu kinamjia kichwani.

"Mimi nina miaka hamsini," alisema, "na pua yangu haijui kitu hicho. Wewe, mama wa watu, mwenye tasbihi mkononi, umekijuaje?"

Baba akasema, "Kaka, yallah, basi." Lakini Umm Hamed alikuwa ameshanivuta mkono. "Anasema nini? Anasema nini?" Nikamfasiria. Akaweka kiganja mdomoni, mabega yanamtikisika.

Bibi alijinyoosha. Alikuwa mfupi, lakini siku ile nilimwona mrefu. "Shamba la marehemu babu yako," aliniambia mimi, ingawa maneno yalikuwa ya Ami, "lilipakana na minazi ya mgema wa tembo. Tulipita pale kila siku kwenda kisimani. Mwambie ami yako, pua haifungwi kwa mtandio. Nilipita, nikanusa, nikaenda zangu. Na ndiyo maana leo najua kilichomo nyumbani kwa ndugu yake, na yeye hajui."

Nilimfasiria Umm Hamed yote. Sikupunguza hata neno. Ami Nasor alikohoa, akatazama dari.

"Mwageni," alisema mwishowe.

"Usimwage!" Umm Hamed akadakia. "Kosa ni hicho kifuniko. Nani alikwambia uzibe? Funga kitambaa, uache upate hewa. Nia yako ilikuwa siki. Ndiyo kwanza uko njiani huo, utafika. Idi ikifika hapana atakayejua."

Ami alisema hilo atakwenda kuuliza msikitini baada ya Alasiri. Lakini Bibi hakusubiri. Alikuwa ameketi karibu na mtungi, mkono juu ya ubavu wake, kama anayempima mtoto homa. "Labda ni kweli anachosema," alisema. "Labda utafika. Lakini Idi hii watakula watoto wangu, na mimi nitakuwa nimekaa nawatazama wanavyotafuna. Siiwezi hiyo." Akamgeukia baba. "Mwanangu, ukamwage. Usimwage kwenye falaji, watu wanatawadha. Wala usimwage penye mtende wa mtu."

Baba na Ami waliubeba ule mtungi mchana kweupe, kupita mtaa mzima, mpaka kwenye mawe ya wadi, bonde la mto uliokauka, na harufu ikawafuata nyuma kama msafara wa harusi. Milango ikafunguliwa. Kabla ya Magharibi kila nyumba ilijua kwamba Bibi Mzinjibari amepika ulevi. Kana kwamba hiyo haitoshi, mbuzi wa Umm Hamed walikwenda wakala yale maganda. Beberu lake kubwa lilirudi likitembea upande upande, likaugonga mlango wake, likaomba radhi kwa mlango, likaugonga tena. Umm Hamed alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Bibi hakucheka. Aliingia chumbani akafunga mlango.

Idi ile nyama yetu ilipakwa siki ya Umm Hamed, mara ya tatu. Sahani zikazunguka. "Mashallah, nyama ya Umm Hamed." Bibi aliinamisha kichwa, akamimina kahawa.

Miaka mingi baadaye nilisoma sayansi, nikaifundisha katika skuli ya wasichana mpaka nilipostaafu, na kila mwaka nilifika kwenye somo la uchachushaji nikiwa na tabasamu ambalo wanafunzi hawakulielewa. Niliwaeleza hivi. Zabibu zina vijidudu vya aina mbili vinavyotuhusu. Wa kwanza anakula sukari na kuigeuza ulevi. Yeye hajali hewa iwepo au isiwepo, na sauti ile ya tsss ni pumzi yake. Wa pili anakula ulevi na kuugeuza siki, lakini huyu hawezi kufanya kazi bila hewa. Kitambaa kinawaacha wote wawili wafanye kazi, mmoja nyuma ya mwenzake. Kifuniko kilichozibwa kwa unga kinamziba pumzi yule wa pili. Jini wangu alinyamaza kwa sababu sukari ilikwisha.

Niliamini nimeelewa kila kitu, mpaka msimu mmoja wa karibuni alipokuja Giulia. Mwanangu amekarabati nyumba ya udongo ya zamani akaifanya nyumba ya wageni, nami hupenda kukaa uani asubuhi na dala yangu, birika la kahawa, wageni wakitaka kuzungumza, tunazungumza. Giulia ni mwanamke wa umri wangu, kutoka vilima vya Piemonte, kaskazini ya Italia. Aliuona mtungi mtupu pembeni akauliza wa nini. Nikamwambia siki ya zabibu. Macho yakamwaka. Ukoo wao, alisema, umelima zabibu nyeusi na kutengeneza mvinyo mwekundu tangu enzi ambazo hapana anayezikumbuka.

Mimi kinywaji hicho sikijui wala sitakijua, na nilimwambia hivyo, naye hakukasirika. Lakini kazi ni kazi, na nilikuwa na maswali mengi kuliko yeye. Akanieleza kwamba zabibu zao huvunwa mwisho kabisa, ukungu umeshashuka kwenye vilima, vidole vinakufa ganzi kwa baridi. Zikishapondwa, maganda huelea juu yakawa kama paa zito, na ilikuwa kazi ya watoto kusimama juu ya ngazi na kuyasukuma chini kwa mti, kutwa mara kadhaa, ili rangi itoke. Kisha maji yake huhamishiwa katika mapipa makubwa ya mbao, mapipa yaliyomzidi umri babu yake, na hapo yakakaa miaka. Na babu yake alizunguka kila wiki na kandili, akigonga kila pipa na kusikiliza, akiongeza kidogo pale palipopungua mpaka mdomoni kabisa.

"Kwa nini mpaka mdomoni?" nikauliza.

"Ili hewa isipate pa kukaa," alisema. "Hewa ikiingia, kazi ya miaka inageuka siki. Babu aliiogopa hewa kama wengine wanavyoogopa moto."

Nikaweka kikombe chini. "Na siki ya kula mliitoa wapi?"

Akacheka. "Ya bibi! Alikuwa na kipipa chake kidogo, lakini babu alimkataza kukileta karibu na ghala. Ilibidi akiweke juu darini, mbali, kwa sababu kile kidudu cha siki kinaruka. Babu chini anaikimbia hewa, bibi juu anaikaribisha. Waliishi hivyo miaka yote."

Basi nikamweleza habari ya Bibi yangu na donge lake la unga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa taratibu, kama anayetoa taarifa ya msiba na furaha kwa pamoja: "Bibi yako alifanya kazi ya babu yangu. Na aliifanya vizuri." Tukacheka hadi mwanangu akatoka kuangalia kuna nini. Ningependa Ami Nasor angekuwapo kusikia.

Lakini sijamaliza habari ya Bibi.

Wiki moja baada ya Idi ile ya tatu, mlango wetu uligongwa. Umm Hamed, peke yake, bila kucheka. Chini ya abaya yake alikuwa na kikombe. Aliketi mbele ya Bibi, akanivuta mimi karibu nifasiri, na akazungumza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ndogo.

"Mwambie bibi yako silali," alisema. "Mimi natia zabibu tangu nilipoolewa. Mama yangu alitia, na mama yake. Tunafunga kitambaa, tunahesabu siku, tunafungua, tunasema siki. Lakini siku ile nilinusa mtungi wake nikasema siki, na haikuwa siki. Sasa yangu nitaijuaje? Nimewalisha watu miaka yote." Akamsogezea kikombe. "Yeye ndiye mwenye pua. Anuse."

Bibi alikitazama kikombe, akamtazama mwanamke. Alikipokea kwa mikono miwili. Alifumba macho. Umm Hamed, yule mama mkubwa, alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Siki," Bibi alisema. "Safi. Imefika mwisho wa safari yake, hapana kilichobaki nyuma."

Umm Hamed alilia. Kisha, kama ada yake, alicheka, akamkumbatia Bibi mpaka kanga ikamwanguka.

Kesho yake walikuja wawili. Wiki iliyofuata, mwanamke wa upande wa pili wa falaji, asiyewahi kuitika salamu yetu, alimtuma binti yake kumwomba Bibi apite akipata nafasi. Na tangu mwaka ule, mtaani kwetu, hapana mtungi uliofunguliwa bila Bibi. Walimwekea mkeka, wakamkaribisha kahawa, wakamfukizia udi baadaye ili asafishe pua aende nyumba ya pili. Mimi nilikuwa pembeni yake na Kiarabu changu, ingawa baada ya muda hakunihitaji. Maneno mawili yalimtosha, "siki" au "bado," na hayo alishajifunza. Nyumba iliyoambiwa "bado" ilifunga kitambaa tena, ikangoja bila kinyongo. Hata Ami Nasor alimpitia siku moja na chupa, akiwa ameificha kwenye mkono wa kanzu yake ya dishdasha, akasema ni ya rafiki yake.

Mwaka wa nne Bibi alitia zabibu zake mwenyewe, akafunga shashi, akaweka na kiti mbele ya mtungi ili nisifike. Sahani zilipozunguka Idi, wanawake walionja. Hapana aliyesema ni nyama ya Umm Hamed. Walisema, "Nyama ya yule mwenye pua." Mama yangu ndiye aliyewajibu, na Bibi alikuwa amekaa.

Bibi ametangulia mbele ya haki, na Umm Hamed vilevile, na katika mtaa ule nyumba nyingi sasa ni za wageni wanaopiga picha milango. Mafurushi ya shuwa bado yanaingia shimoni, alhamdulillahi, lakini siki ni moja, ya dukani, nyumba zote. Nyama ni nzuri. Ukiionja huwezi kujua ni ya nani, wala hapana sababu ya kugonga mlango wa mtu na kikombe chini ya abaya, kumwambia kwamba huna usingizi.

Juzi mjukuu wangu Faisal, mwenye miaka kumi, alinitolea chupa kutoka kabatini. "Bibi, hii kitu bado mzima?" Kabla sijajibu alishaigeuza, anatafuta tarehe kwenye kibandiko. Nikamwambia, "Nusa." Akanitazama kama niliyemwambia asome kwa masikio. Nikasubiri. Akafungua kifuniko, akasogeza pua, akarudi nyuma macho yamejaa machozi, akasogea tena.

"Sasa Bibi," aliuliza, "inatakiwa inuke vipi?"

Nikavuta kiti.